Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Sintaksia Mpya na Programu Zilizotangulia

Guido van Rossum, Mholanzi, alipoitoa lugha ya programu ya Python kwa umma mwaka wa 1991, sentensi print "Habari" ilikuwa sahihi. Maana yake ni nyepesi: tarakilishi na iandike neno Habari kwenye kiwambo. Sentensi hiyo ilibaki sahihi kwa miaka kumi na saba. Tarehe 3 Desemba 2008 toleo la 3.0 la Python lilitolewa, na kwa mujibu wa sarufi ya toleo hilo sentensi iyo hiyo ikawa kosa. Haikuwa imebadilika hata herufi moja, wala aliyeiandika hakuwa ameteleza. Kilichobadilika ni sarufi, ambayo sasa ilidai mabano: print("Habari"). Linalochoma zaidi ni kwamba matoleo ya baadaye ya Python 3 yakikutana na sentensi ya zamani humjulisha mwandishi kuwa amesahau mabano ya print. Yaani mashine imefahamu barabara kilichokusudiwa, ila haikubali kukitenda.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika methali hii mgeni anakaribishwa kwa kuwa ujio wake una nafuu kwa wale aliowakuta nyumbani. Kila lugha ya programu inayotumika hupokea wageni wa namna hii: maneno mapya, alama mpya, miundo mipya ya sentensi. Wenyeji ni programu zilizokwisha kuandikwa. Swali ambalo wabunifu wa lugha hizo wamelijibu kwa njia zinazohitilafiana ni hili: pakitokea msongamano mlangoni, nani ampishe mwenzake? Makala haya yanashikilia kuwa mzigo wa kujitambulisha ni wa mgeni. Programu ya zamani ambayo haikutangaza chochote, kwa sababu wakati wake hapakuwa na cha kutangaza, inastahili kusomwa kwa sarufi ya zama zake. Kauli hii yaonekana nyepesi. Hata hivyo, wabunifu wa lugha mashuhuri wameikiuka, na gharama ya kuikiuka haikutoka mifukoni mwao.

Huenda msomaji akauliza mada hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Ukweli ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anaijua hadithi hii kwa jina jingine. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake mwaka wa 1930, lahaja ya Kiunguja ilikuwa imekwisha kuteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji. Mshairi wa Mvita aliyeandika "mato" alikuwa sahihi kama walivyokuwa sahihi babu zake. Usanifishaji ulipokita mizizi, mtoto aliyeandika "mato" badala ya "macho" katika insha yake alihesabiwa kuwa amekosea. Neno lilikuwa lile lile; kilichobadilika ni kipimo.

Lakini mashairi ya Kimvita hayakufa. Utenzi wa Tambuka, unaonasibishwa na mwaka wa 1728, ambao ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu na katika lahaja ya kaskazini, ungali unasomwa na kuhakikiwa. Umenusurika kwa sababu binadamu ana stahamala. Msomaji akikwama hutazama sherehe ya msamiati, au humuuliza mwalimu, au hukisia kutokana na muktadha na kusonga mbele. Mashine haina stahamala hiyo. Kwa tarakilishi, matini yenye neno moja lisilotambulika si matini ngumu. Si matini kabisa. Aghalabu, kosa moja la sarufi katika mstari wa mia tatu huzuia hata mstari wa kwanza usitekelezwe. Ndiyo maana mabadiliko ya sarufi ambayo katika lugha ya binadamu yangeleta usumbufu wa kawaida, katika lugha ya programu yanaweza kuwa hukumu ya kifo kwa matini nzima.

Chukua mfano wa kijana anayefanya mafunzo ya nyanjani katika ofisi ya bursa wa shule ya upili. Kijana anaandika programu ya kurasa chache ya kuhesabia karo: nani amelipa, nani ana salio, kila mmoja alipe kiasi gani katika kila awamu. Programu inafanya kazi vyema. Kijana anahitimu na kwenda zake. Bursa hajui Python, wala hana haja ya kuijua. Anachojua ni kuwa akibofya mahali fulani orodha hutoka. Siku tarakilishi ya ofisi inapoharibika na kununuliwa nyingine iliyowekewa Python mpya, orodha haitoki. Watetezi wa mabadiliko ya ghafla hupenda kusema kuwa programu na zirekebishwe tu. Arekebishe nani? Kauli yao inachukulia kuwa nyuma ya kila programu ameketi mwandishi wake, yu macho, ana mshahara, na anangoja kazi. Kampuni kubwa zina watu hao. Bursa hana.

Hoja hii isieleweke kuwa ni wito wa kuzigandisha lugha. Lugha isiyopokea wageni hunyauka, na wapo wanaoihama kwa sababu hiyo. Suala si kama mgeni aje. Suala ni aingilie mlango upi. Hapa isimu ina la kusema.

Wanaisimu huweka alama ya nyota mbele ya sentensi isiyokubalika kisarufi, mathalani *Mtoto kimelala. Nyota hiyo ina thamani ya pekee kwa mbunifu wa lugha ya programu. Sentensi yenye nyota haimo katika programu yoyote inayofanya kazi, kwa kuwa kama ingekuwamo programu hiyo isingefanya kazi. Basi muundo mpya ukijengwa juu ya sentensi iliyokuwa na nyota, haumpokonyi yeyote chochote. Hicho ni kiwanja kisicho na mwenyewe.

Python yenyewe imewahi kujenga kwenye kiwanja kama hicho, na kwa hekima. Katika matoleo ya kale, kugawanya 10000 kwa 3 kulitoa 3333. Sehemu iliyobaki ilitupwa kimyakimya. Wengi waliona tabia hiyo kuwa mtego kwa wanaoanza. Mwaka wa 2001, toleo la 2.2 lilileta alama mpya, mikwaju miwili iliyofuatana, yaani //, kwa ajili ya mgawanyo unaotupa baki. Alama hiyo haikuwa na maana hapo awali, kwa hiyo haikumgusa mtu. Pamoja nayo ukaja mlango wa hiari: aliyetaka mkwaju mmoja utoe jibu kamili lenye desimali aliandika juu ya programu yake from __future__ import division, maneno ambayo kwa tafsiri ya moja kwa moja yanasema "kutoka siku zijazo, leta ugawaji". Asiyeyaandika aliendelea kama jana. Ni vigumu kupata adabu ya ugeni iliyo bora kuliko hiyo. Mgeni anabisha hodi, anataja jina, na anaingia katika nyumba iliyomwitikia peke yake.

Tatizo ni kwamba miaka saba baadaye mlango huo wa hiari ulivunjwa na ukuta wote. Katika Python 3 mkwaju mmoja ulipewa maana mpya kwa kila programu, iliyoomba na isiyoomba. Hapa yapaswa kutofautisha misiba miwili. Sentensi ya print hukataliwa kwa kelele. Programu husimama na kila mtu hujua kuwa pana kasoro. Mkwaju haukupiga kelele. Programu ya bursa iliyokuwa ikigawa karo ya shilingi 10,000 kwa awamu tatu na kupata 3333, sasa ingepata 3333.33 na tarakimu nyinginezo, kisha ingeendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea. Kubadilisha maana ya sentensi inayoendelea kukubalika ni jambo la hatari kuliko kuikataza sentensi hiyo. Anayekatazwa hujua kuwa amekatazwa.

Viwanja vitupu vya alama navyo haviko vingi, maana vitufe vya kibodi vina idadi. Hatimaye mbunifu hulazimika kutafuta neno, na kwenye maneno ndiko kwenye msongamano. Lugha nyingi za programu zina maneno yaliyotengwa, yaani maneno yaliyotwaliwa na sarufi ili yafanye kazi moja tu. Neno likishatengwa, mwanaprogramu haruhusiwi tena kulifanya jina la kitu alichojibunia. Lakini maneno mazuri, mafupi na yenye kueleweka ndiyo hasa ambayo watu wamekwisha kuyatumia kama majina. Java ilipolitenga neno enum mwaka wa 2004, iliwakuta waandishi ambao kwa miaka walikuwa wamelizoea kama ufupisho wa jina refu. Kompaila, yaani programu inayosoma matini ya mwandishi na kuigeuza kuwa maagizo ya mashine, ililazimika kupewa njia ya kuambiwa: isome matini hii kwa sarufi ya jana. Python ililileta neno async mwaka wa 2015 kwa hadhi ya nusu, likaachwa kutumika kama jina la kawaida kwa muda, kisha mwaka wa 2018 likatengwa kikamilifu. Licha ya onyo la miaka mitatu, maktaba zilizokuwa na sehemu iitwayo async, Celery ikiwa mojawapo, zilivunjika zikahitaji kubadilishwa majina.

Waliotunga viwango vya lugha ya C walikuwa wameliona hilo mapema. Kiwango cha mwaka wa 1989 kilisema kuwa majina yanayoanza kwa mstari wa chini na kufuatwa na herufi kubwa ni mali ya lugha yenyewe, mwanaprogramu asiyaguse. Ilikuwa kama wazee wa kijiji kutenga shamba la akiba kabla ya kijiji kujaa. Mwaka wa 1999 walipotaka aina mpya ya data, ile yenye thamani mbili tu za kweli na uongo, walijua kuwa jina linalofaa ni bool, na walijua pia kuwa maelfu ya waandishi walikuwa wamejitengenezea bool zao. Wakaenda katika shamba la akiba na kuiita _Bool. Jina hilo halipendezi hata kidogo. Linasomeka kama kosa la chapa. Ila halikumkanyaga mtu. Aliyetaka jina fupi aliliomba kwa kauli yake mwenyewe, kwa kuongeza mstari wa stdbool.h juu ya matini yake.

Pana mlingano wa jambo hili na Kiswahili ambao ni mtamu kiasi cha kutopuuzwa. Simu ya mkono ilipoingia, mgeni ndiye aliyebeba kifafanuzi. Ile ya waya iliitwa simu tu. Leo mambo yamepinduka. Anayesema simu amekusudia ya mkono, na ile ya zamani ndiyo inayolazimika kujieleza kuwa ni simu ya mezani. Mwenyeji amevuliwa jina lake na kupewa la kupanga. Hakuna aliyeamuru hilo, na hakuna barua ya zamani iliyoharibika kwa sababu yake, kwa kuwa msomaji wa barua ya mwaka wa 1975 anajua kuwa simu inayotajwa humo haikutiwa mfukoni. C nayo ilipita njia hiyo hiyo. Katika kiwango kilichochapishwa mwaka wa 2024, robo karne baada ya _Bool, neno bool lenyewe lilifanywa kuwa la lugha. Mgeni amekuwa mwenye nyumba, na _Bool bado inakubalika. Hata hivyo, mwaka wa 2025 kompaila ya GCC ilipotoa toleo la 15 na kuanza kusoma kila matini kwa sarufi mpya isipoambiwa vinginevyo, programu za kale zenye bool za kujibunia zilikataa kujengwa. Dawa ilikuwa agizo moja la kuirudisha kompaila kwenye sarufi ya zamani. Dawa ni ndogo, kwa anayeijua. Kilichozivunja programu hizo, basi, ni jinsi ukimya wao ulivyofasiriwa, zaidi ya neno lenyewe.

Ipo njia ya tatu, ambayo ni ya kuvutia zaidi kwa mwanafunzi wa sarufi. Katika Kiswahili neno "kaa" halina shida yoyote. Kaa limezimika, kaa ametoka shimoni, kaa kitako. Msikilizaji hajui ni kaa yupi mpaka asikie kinachofuata, na upatanisho wa kisarufi ukishajitokeza utata huisha. Hakuna aliyewahi kupendekeza kuwa wavuvi waliache neno hilo ili wapishi walitumie. Kwa muda mrefu Python haikuweza kufanya hivyo kwa urahisi kwa sababu kichanganuzi chake, sehemu inayozipambanua sentensi, kilitazama neno moja tu mbele. Mwaka wa 2020, katika toleo la 3.9, kilibadilishwa na kingine chenye uwezo wa kutazama mbali zaidi na kurudi nyuma kikikosea njia. Mwaka uliofuata, toleo la 3.10 lilileta muundo mpya unaoanza kwa neno match. Neno hilo lilikuwa likitumiwa kila mahali kama jina. Katika maktaba ya Python yenyewe ya kutafutia ruwaza za maandishi kuna kitendo kiitwacho match. Safari hii halikutengwa. Ni neno la sarufi linapokaa mahali pa neno la sarufi, na ni jina la kawaida kwingineko. Programu iliyoandika match (x) mwaka wa 2005 ilikuwa ikiita kitendo, na bado inaita kitendo; muundo mpya hujulikana kwa nukta pacha inayoufunga mstari.

Hii ni heshima kubwa kwa mwenyeji, na Python inastahili sifa kwa kujifunza kutokana na makosa yake. Ila si heshima ya bure. Gharama imehamishiwa kwa msomaji wa kibinadamu, ambaye sasa hawezi kuutazama mwanzo wa mstari akajua ni sentensi ya aina gani; lazima afike mwishoni, kwenye nukta pacha. Mzungumzaji wa Kiswahili huenda asione tatizo, maana maisha yake yote amekuwa akingoja upatanisho. Yamkini waliozoea lugha zinazotoa siri zao mapema ndio wanaolalamika zaidi.

Wapo walioipeleka heshima kwa mwenyeji hadi ukingoni. Lugha ya JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka wa 1995, imo katika kurasa za wavuti, na mwenye ukurasa hana mamlaka juu ya kivinjari atakachotumia msomaji wake. Kivinjari cha leo hufungua ukurasa wa juzi na wa miaka ishirini iliyopita kwa sarufi moja. Hivyo walinzi wa lugha hiyo hujiwekea mwiko: usiuvunje wavuti. Walipotaka kanuni kali zaidi mwaka wa 2009, walibuni hila ya kupendeza. Mwandishi anayezitaka kanuni hizo huandika juu ya programu yake "use strict" pamoja na alama zake za mtajo. Kwa kivinjari cha zamani hayo ni maandishi matupu yasiyoamuru lolote, naye huyapita. Kivinjari kipya hutambua ishara na kukaza kanuni. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua.

Mwiko huo una bei yake. Wakati mmoja palipendekezwa kitendo kiitwacho flatten cha kulainisha orodha zilizomo ndani ya orodha. Kilipojaribiwa katika toleo la majaribio la Firefox, tovuti iliyotegemea MooTools, maktaba iliyovuma mwishoni mwa miaka ya 2000 na ambayo ilikuwa na flatten yake, iliharibika. Baada ya mabishano, na mzaha mwingi, kitendo kiliitwa flat. Jina likakatwa mkia kwa ajili ya maktaba ambayo wengi walikwisha kuisahau. Kadhalika, ukiiuliza JavaScript thamani tupu, null, ni ya aina gani, hujibu kuwa ni "object". Hilo ni kosa la siku za mwanzo kabisa. Pendekezo la kulisahihisha liliwahi kutolewa, likakataliwa, kwa kuwa zimo programu zinazolitegemea. Kosa limekuwa desturi, na desturi imekuwa sheria.

Anayeipinga hoja ya makala haya atauliza basi kama lugha zote ziwe hivyo, majumba yaliyojaa samani mbovu zisizotupika. Tena ana silaha kali zaidi, nayo ni mageuzi ya maandishi katika Python 3. Katika Python 2, neno la kawaida lilihesabiwa kwa baiti, si kwa herufi. Kiswahili sanifu hakikuumia, kwa kuwa herufi zake zote ni zile za msingi zisizo na viashiria. Jirani yake aliumia. Ukiiuliza Python 2 jina Gĩkũyũ lina herufi ngapi, likiwa limehifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, ilijibu 9. Mtoto wa chekechea angejibu 6. Ilipata jibu sahihi pale tu mwandishi alipokumbuka kuweka herufi u mbele ya alama ya mtajo. Python 3 hujibu 6 bila kukumbushwa. Lugha ya programu isiyojua kuhesabu herufi za watu wengi duniani ina kasoro ya msingi, na makala haya yanakiri kuwa kasoro ya aina hiyo inahalalisha kuvunja. Mwenyeji mwingine naye alikuwa akionewa.

Lakini ni nani aliyeonewa na print isiyo na mabano? Sababu zilizotolewa zilihusu unadhifu: print iwe kitendo kama vitendo vingine, iweze kubadilishwa na kupewa vigezo. Ni sababu nzuri za kufungua mlango wa hiari, na mlango huo ulikuwapo, kwani Python 2.6 ya mwaka huo huo wa 2008 iliruhusu print ya mabano kwa anayeiomba. Hazikutosha kuufunga mlango wa zamani. Mageuzi ya haki na mageuzi ya urembo yalifungwa katika furushi moja, na walioyahitaji ya kwanza wakalazimika kuyalipia ya pili. Kejeli kubwa zaidi ni ile ya herufi u. Waliojali, walioandika u"Gĩkũyũ" kwa uangalifu katika Python 2, waliadhibiwa na Python 3.0, kwani sarufi yake haikuitambua tena herufi hiyo. Walioandika bila kujali hawakuguswa hapo. Mwaka wa 2012, katika toleo la 3.3, u ilirudishwa, isifanye kazi yoyote ila kutoa njia kwa matini za zamani. Mwenyeji aliyefukuzwa aliitwa kutoka barabarani miaka minne baadaye akapewa kiti chake.

Matokeo yanajulikana. Python 2 ilikuwa ikome mwaka wa 2015. Kwa kuwa watu hawakuwa wamehama, muda ukaongezwa hadi tarehe 1 Januari 2020, na toleo la mwisho, 2.7.18, likatolewa Aprili mwaka huo. Miaka kumi na miwili ya jumuiya moja kuzungumza lahaja mbili, kila mwandishi wa maktaba akitumikia mabwana wawili. Lugha yenyewe ilipona na kustawi mno, na wapo wanaotumia ustawi huo kama ushahidi kuwa uamuzi ulifaa. Huo ni ushahidi wa walionusurika. Programu zilizoachwa njiani hazina mtetezi wa kuja kusimulia.

Rust, lugha iliyotoa toleo lake la 1.0 Mei 2015, ilikuwa na fursa ya kuyatazama haya yote kwa mbali, na jibu lake ndilo linalokaribia zaidi kile kinachotetewa hapa. Kila furushi la programu za Rust huwa na faili ndogo ya utambulisho, na ndani yake mwandishi hutaja zama anazoandikia: 2015, 2018, 2021 au 2024. Neno async lilitengwa katika zama za 2018, na furushi la 2015 lenye kitu kiitwacho async halikuguswa. Mafurushi ya zama tofauti hujengwa pamoja katika programu moja, jambo ambalo Python 2 na 3 hazikuliweza. Furushi la 2018 likihitaji kukiita kitu cha zamani chenye jina lililokwisha kutengwa, huandika r#async, ishara inayomaanisha kuwa hili ni jina wala si neno la sarufi. Mzigo wote huo unabebwa na watunzi wa kompaila, ambao lazima waendelee kuzijua sarufi zote nne. Wao ni wachache, na kazi hiyo waliichagua.

Zama za 2024 zilianza kutumika Februari 2025. Mwandishi aanzishapo furushi jipya kwa zana za kawaida za Rust, zana zenyewe humwandikia zama za karibuni katika faili ya utambulisho. Furushi lisilotaja zama zozote, kwa kuwa liliandikwa kabla ya mtu kuwaza kuwa zama zitahitaji kutajwa, bado husomwa kuwa la 2015.